Bei Alizonitajia Mtani

Mama yangu akiniuliza bei ya sukari namdanganya. Kila nikirudi sokoni namkuta mlangoni hapa kwangu Mitwero, Lindi, kikapu hata sijakitua, ameshaniuliza: "Sukari leo wanauzaje?" Namtajia bei ya zamani, ile ya kabla ya mvua, na wala sipepesi macho. Nikimtajia ya kweli atakunywa chai bila sukari wiki nzima, halafu ataniambia sukari siku hizi inamtia kiungulia. Namjua mama yangu. Huyu ni mtu aliyevushwa mto mgongoni mwa mwanamume, macho kayafumba, anasoma kila sura ya Kurani anayoijua, akaletwa kwangu, na mpaka leo anajipakulia chakula kama mgeni aliyefika wenye nyumba wameshamaliza kula. Uongo huu wa bei nimejifunza kwake mwenyewe, ndiyo maana siuonei haya.

Kazi yangu ni kuuliza bei. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani natania. Kuna ofisi moja mjini Lindi inayotaka kujua kila wiki unga unauzwaje, na mchele, maharage, mafuta ya kula, sukari, chumvi, sabuni ya mche. Jumanne nazunguka soko mwenyewe, Ijumaa nawapigia simu wenye maduka ya mbali, halafu natuma. Malipo yenyewe ya kununulia vocha na ndala. Ukiniuliza kwa nini naendelea nitakwambia kweli: siwezi kutulia. Mimi ni mtu wa kwenda. Nikikaa kwenye kiti miguu inaniwasha. Hata msibani, Mungu anisamehe, wenzangu wako kwenye dua, mimi naukodolea macho mchele ulioko jikoni, najiuliza huu wameuziwa kilo shilingi ngapi.

Basi ikaja ile mvua. Haikuwa mvua ya kusema leo imenyesha kesho tutaanika. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika huko mbele ya Somanga, maji yakaondoka na madaraja, malori yakapanga foleni ng'ambo ya pili na mizigo yetu ndani. Karibu kila kitu cha dukani huku kusini kinatoka Dar. Petroli ndiyo ikaanza kupanda, nauli ikaifuata, na baada ya hapo kila mwenye meza akapandisha chake. Asubuhi unauliza bei ya unga, jioni ukipita tena ni nyingine, na muuzaji ni yule yule, anakutazama usoni utadhani asubuhi hamkuonana.

Sokoni wakaanza kuninunia. "Haya, huyo anakuja, mwandika bei," wanaambiana, na mmoja anavuta turubai afunike viroba vyake. Kana kwamba mimi ndiye niliyeikata barabara! Kuna mama mmoja muuza nyanya tuliyeelewana naye siku zote. Fungu lake lilikuwa shilingi mia tano kabla ya mvua, na wakati wa mvua likabaki mia tano. Ila fungu lenyewe, jamani, lilikuwa limekonda mpaka linatia huruma.

"Hili ndilo lile fungu la siku zote?" nikamuuliza.

"Fungu ni fungu, mwaya. Usinianze asubuhi."

"Nikiandika mia tano wataona nyanya hazijapanda."

"Basi andika unavyojua. Mimi nitampandishiaje bei jirani yangu niliyeamka naye mlango kwa mlango? Nyanya zikipungua hasemi kitu. Bei ikipanda atanisema mpaka kwa watoto wangu."

Nikanunua mafungu yake, nikaenda kuyapima kwenye mzani wa muuza samaki, nikatuma bei ya kilo. Nikatoka pale nimejaa magamba ya samaki mwili mzima, nanuka, na roho imenichafuka. Nikaanza kuzunguka soko hata siku ambazo si zangu. Naamka, nakunywa chai nimesimama, nakwenda. Nikirudi nyumbani nafua nguo zilizo safi. Sikuwa najua ninachokitafuta, ila nilijua kuna kitu hakikai sawa, na kilikuwa huko milimani kwa mama yangu.

Kijiji cha mama, alikokuwa bado akiishi wakati huo, kiko kwenye milima ya Matumbi, mbele ya Kipatimu, na kabla hujakifikia kuna mto usio na daraja. Kiangazi unauvuka bila kulowesha goti. Masika unabeba magogo. Mto huo ulimchukua dada yangu mkubwa, nami nikiwa bado binti wa shule. Mama alikuwa amemtuma chumvi, na dada akauvuka wakati wa kwenda salama, wakati wa kurudi ukamchukua. Tulimkuta chini kwenye matete. Tangu siku hiyo mama hakuuvuka tena mto ule, masika wala kiangazi, na ukitaja kwamba unataka kuuvuka anaondoka anakwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Duka la pale ni moja, na mwenyewe ni Mngindo. Sisi ni Wamatumbi, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani huo tumeukuta kwa babu zetu. Kwa asiyejua: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako siku ya msiba akaondoka naye, na ukikasirika mkosaji ni wewe. Duka lake na kibaraza cha mama vinatazamana. Ndiye anayemchajia mama simu kwenye sola yake, na mama akipika sahani yake ipo. Ndiye pia niliyekuwa nampigia kila Ijumaa anitajie bei za huko.

"Haloo, mtumwa wangu," ndivyo alivyokuwa akipokea. "Hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kukusuta? Nitajie bei, salio linakwenda."

"Sukari, kilo moja uje na ng'ombe. Na kamba yake uje nayo wewe, mimi sina."

"Wewe!"

"Unga? Huo nimeshausahau sura. Ukiuona huko Lindi nisalimie. Mwambie watoto wanamuulizia."

Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini, na mimi kukaa chini si jambo dogo. "Haya sema kweli sasa, Mngindo wewe. Watu wa ofisi wanasubiri."

Hapo sauti yake ilikuwa inabadilika, inakuwa ya mtu anayesoma. "Andika ile ile ya juzi. Sukari ile ile, unga ule ule. Hakuna kilichopanda."

Nikimaliza naye naomba anipelekee simu kwa mama. Anavuka barabara, nasikia kuku, nasikia mama anajifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hatujambo, alhamdulillahi. Leo tumekula wali na samaki."

"Samaki kwa mvua hii?"

"Mkavu. Wewe umekula?"

Ikawa hivyo Ijumaa hadi Ijumaa. Pale ofisini kulikuwa na bwana mmoja mpole, mwenye kukusanya bei za mkoa mzima, akatuambia kwamba vijiji ambako bei imepanda kupita kiasi vitapelekewa unga wa bei nafuu. Akasoma majina. Nikasubiri kusikia kijiji cha mama, sikukisikia.

"Kwenu mna bahati," akaniambia. "Bei imetulia kabisa."

"Itatuliaje? Sukari ya ng'ombe na kamba... samahani, sukari ya mlimani itakuwaje rahisi kuliko ya hapa Lindi? Inashushwa kutoka mbinguni?"

"Labda mwenye duka ana mzigo wa zamani. Wewe mwenyewe ndiye unayetuletea, dada."

Ijumaa iliyofuata nikamuuliza mtani kama ana mzigo wa zamani. "Ninao wa babu yangu," akasema, "nimeulalia." Nikacheka tena. Lakini safari hii kicheko kilinikaa vibaya kifuani, na siku nzima nilikuwa naingia chumbani nasahau nilichofuata.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa stendi ya Lindi, namsindikiza jirani yangu. Nikamwona mzee mmoja amekumbatia boksi kwa mikono yote miwili, hataki konda aliguse. Lilikuwa limejaa pakiti za chumvi.

"Shikamoo baba. Chumvi yote hiyo, mnaanika samaki?"

"Marahaba. Samaki wa wapi, mwanangu, mimi natoka Chumo. Huko kwetu mboga tunakula hivi hivi, hazina ladha, utadhani sote tunaumwa. Na sisi afadhali. Wa kule mbele ya Kipatimu, ng'ambo ya mto, hao wanachimba ming'oko."

Ming'oko mimi naipenda. Ni viazi vya porini, vyembamba, vinachemshwa. Hapa Lindi wanauza kando ya barabara, mtu anatafuna huku anapiga soga. Ila kuna kutafuna ming'oko kwa hamu, na kuna kushinda nayo asubuhi, mchana na jioni kwa kuwa ndani hakuna kingine. Jirani yangu aliniita, mimi bado naitazama ile chumvi. Basi lake likaondoka bila mimi kumpungia mkono.

Kesho yake nikanunua kiroba cha unga, mafuta, sukari, chumvi na sabuni, kwa bei za kunyonga shingo, na nikapanda basi la kwenda kaskazini. Nikashuka Njia Nne, nikatafuta bodaboda. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akautazama mzigo, akanitazama mimi.

"Mama, Kipatimu kwenyewe njia ni tope tupu. Utashuka kila mahali."

"Nitashuka. Washa."

Nilishuka kweli. Nilisukuma, nilianguka, kanga ikabaki na rangi moja tu, ya udongo. Mtoni maji yalikuwa yamepungua, yakifika kifuani kwa mtu mrefu, na walikuwepo wanaume wa kuvusha mizigo. Mmoja akajitwika kiroba, mwingine akanishika mkono. Nilivuka. Namna nilivyovuka sitaisimulia, kwa sababu sikuwa peke yangu mle majini, nilikuwa na dada yangu.

Duka la mtani lilikuwa wazi. Ubao wa bei umening'inia palepale mlangoni, umeandikwa kwa chaki, mwandiko mzuri: sukari, unga, mafuta, sabuni, na bei mbele ya kila kimoja, zile zile nilizokuwa nazituma. Kwenye rafu kulikuwa na viberiti, betri na nyembe. Basi. Mfuko mtupu wa sukari ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa kaunta, na mtani ameuegemea.

"Mtumwa wangu huyo!" akapiga makofi. "Umetoroka wapi?"

"Sukari bei gani?" Sikumpa hata salamu.

"Si imeandikwa."

"Nipe kilo."

Akataka kucheka, akashindwa. "Nilikwambia uje na ng'ombe."

Toba! Damu ilinipanda nikahisi masikio yanawaka. Yote aliyoniambia kwa mzaha yalikuwa kweli, na yote aliyoniambia nilipomwomba aache mzaha yalikuwa uongo. Nikamvaa. Nilimtukana matusi ambayo hata utani hauna, mbele ya watu waliokuwa wameanza kusogea. Hakurudisha hata moja. Alinyoosha kidevu tu kuelekea ng'ambo ya barabara.

Mama alikuwa amesimama kibarazani na ufagio mkononi. Kanga aliyoivaa ilikuwa imemzunguka mara mbili na bado inapwaya. Nikasema shikamoo, hakuitikia.

"Nani kakuvusha?" akauliza.

"Mama, mmekula nini wiki zote hizi?"

"Nimekuuliza nani kakuvusha."

Nikamwambia. Akakaa chini, ufagio ameushika vilevile. Ndipo akasema, bila haya wala kujitetea, kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyemwambia mtani asinitajie bei za kweli. Duka lilikuwa limebaki na unga kidogo wa kuuzwa kwa kikombe, bei yake haisemeki, halafu ukaisha, na ubao ule aliagiza ubaki kama ulivyo ili hata mpita njia asije akanifikishia habari.

"Ungesikia bei ungekuja," akasema. "Na mto ulikuwa umejaa."

"Ningetuma mtu!"

"Wewe? Wewe utume mtu, ukae? Tangu nimekuzaa hujawahi kukaa. Mmoja nilimtuma chumvi. Wa pili siwezi."

"Mama, unga ungeletwa. Wa kijiji kizima. Ofisi inatazama bei. Waliona kwenu bei haijapanda, wakapeleka kwa wengine."

Aliulaza ufagio chini. Nikajua hakuwa anajua. Miaka yote alidhani natumwa tu kuuliza bei, kama watu wanavyoulizana hali, na hakuna kinachotoka hapo. Akageuza uso, akatazama nyumba ya jirani, ambako kulikuwa na mama mwenye watoto wadogo. Hasira zangu zote zikaniishia miguuni. Nikatamani nisingemwambia.

"Mimi nilikuwa nasema," mtani akaniambia taratibu nyuma yangu. "Aliniapisha nisikwambie, nikakwambia kwa njia ya utani. Kila Ijumaa nilikuwa nasema, wewe unacheka."

Mtandao wa simu yangu haukushika pale kibarazani, tukapanda kwenye jiwe ambako unashika, nikampigia yule bwana wa ofisi, nikampa mtani azungumze. Akamwamkia vizuri, akamwambia duka halina kitu. Yule bwana akasikitika kweli, sina neno naye. Lakini akasema anahitaji na Ijumaa nyingine ithibitishe, na lori lenyewe haliwezi kupanda mpaka njia ishike.

"Ijumaa watu wale nini?" nikamuuliza.

"Dada, huo ndio utaratibu."

Jioni ile mama alikiweka kiroba changu kibarazani na kuanza kukigawa kwa kikombe. Mwenye watoto alianza, wakafuata wengine, Waislamu na Wakristo, na mtani akasimama kwenye foleni kama wateja wake. Nikamvuta mama pembeni, nikamwambia abakishe hata nusu.

"Nitapikaje peke yangu?" akaniuliza. "Moshi si wanauona?"

Nikamsihi nirudi naye Mitwero. Kila nilipoanza alijibu jambo moja, kwamba mto ule yeye havuki. Nilitaka kubaki, lakini yule bwana alisema bei bila mwenye kuzituma haziingii, na mwenyewe alikuwa mimi. Nikarudi Lindi, unga wa kikombe kimoja umebaki nyumbani kwa mama, na nafsi yangu nimeiacha kibarazani kwake.

Sikuwa tena na imani na maneno ya mama. Nikampigia nikamwambia: "Leo sikuulizi umekula nini. Sogeza simu kwenye sufuria nisikie." Alicheka, akaniita mwehu, akasogeza. Nikasikia kinachemka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nikaketi nikanywa chai mpaka chini. Kila siku nikawa nampigia wakati wa kupika. Sauti ile ya sufuria ikawa ndiyo bei yangu pekee ninayoiamini. Unga wa ofisi ulifika, nisiseme uongo, watu waliupata. Lakini ulifika njia ilipokauka, na hii ninayoisimulia ilikuwa kabla.

Ijumaa nikapiga. Kwanza nilitaka nimsikie mama, ndipo nichukue bei.

"Unapika nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na samaki. Mkavu. Sikiliza mwenyewe."

Akasogeza simu. Nikasikiliza. Kilichemka vizuri, kwa nguvu, kikaendelea kuchemka, nami nimesimama katikati ya chumba nimeziba sikio la pili. Wali ukichemka muda unafika sauti inakuwa nzito, mapovu yanapunguza kelele. Ile haikuwa nzito. Ilibaki vilevile, nyepesi, inaruka.

Kisha nikasikia simu inachukuliwa mkononi mwa mama, na mtu anahema karibu. Alikuwa mtani. Maisha yake yote hajawahi kuniita jina lingine ila mtumwa. Nikangoja anitanie, nikawa namwombea Mungu anitanie.

"Dada," akasema, "ni maji."

Nikavaa viatu niende nikamlete. Ijumaa ile sikumuuliza bei.